Cheti cha semina hakimtoi mtoto mkojo

Kuna semina za walezi ambazo ukishahudhuria mbili tatu unazijua zote. Mgeni rasmi anachelewa, inafuata chai na sambusa, alafu mtu anasimama na slaidi anasoma magonjwa kuanzia pumu mpaka selimundu mpaka kifafa mpaka kisukari mpaka mtindio wa ubongo, saa nane mnapiga picha ya pamoja, mnasaini posho, mnagawiwa vyeti, na jumatatu mwalimu anarudi shuleni kwake ambako kuna mtoto mmoja tu mwenye shida moja tu na hajui aanzie wapi. Sisemi semina zifutwe. Nasema hazijawahi kumsaidia mwanangu, na nadhani najua kwanini.

Wangu alizaliwa na mgongo wazi. Kwa wasiojua, ni uti wa mgongo kutofunga vizuri mimba ikiwa changa kabisa, ndani ya mwezi wa kwanza, wakati wengi wetu hata hatujajua kama tuna mimba, ndio maana foliki asidi, ile vitamini ya kupunguza hatari hiyo, tunayoanza kumeza tukienda kliniki mwezi wa nne kwa hilo inakuwa imeshachelewa (na ndio maana tangu 2011 hapa Tanzania kuna kanuni za viwanda vikubwa kuongeza virutubisho kwenye unga, ila sisi tunaosaga kwenye mashine ya mtaani unga wetu hauguswi na mtu). Alifanyiwa upasuaji akiwa mchanga, akawekewa na shanti, ule mpira wa kushusha maji kutoka kichwani kwenda tumboni, na leo ni bwana mdogo wa darasa la pili anayebishana na kila mtu kuhusu Simba na Yanga. Miguu haina nguvu, anatumia kiti cha magurudumu. Watu wakimuona wanaona kiti. Mimi kiti hakinisumbui, kinachonisumbua ni kibofu.

Mishipa ya fahamu inayoamrisha kibofu haifanyi kazi kwahiyo mkojo hautoki wote, mwingine unavuja kwenye pampasi na mwingine unabaki ndani, unajaa, unarudi juu kwenye figo na kuziharibu taratibu bila mtoto kulalamika maana hata maumivu huko chini hayasikii vizuri. Kinachotakiwa ni mpira mwembamba wa plastiki, unauingiza kwenye njia ya mkojo, mkojo unatoka wote, unauchomoa, basi, kila baada ya saa tatu au nne mchana kutwa. Zamani waliamini kazi hii lazima ifanyike kama vile upo chumba cha upasuaji, mpaka mwaka 1972 daktari mmoja wa Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani, Jack Lapides, na wenzake wakaonyesha kwamba mikono safi na mpira safi vinatosha, kwa sababu kinacholeta maambukizi zaidi ni mkojo kukaa na kibofu kuvutika kuliko vijidudu vichache vya kwenye mpira. Huyo daktari nadhani hakuwa anawaza Mbagala, lakini bila yeye mimi nisingekuwa nafanya hii kazi chumbani kwangu na sabuni ya kipande.

Sasa kama mimi niliyesomea ushonaji naweza, kwanini mtu mwingine asiweze?

Hilo swali ndio nililomuuliza mwalimu mkuu wa shule ya kwanza tuliyokwenda. Akanijibu kwa upole kabisa, mama sisi hapa hatuna nesi, mtoto tunampokea lakini hiyo shughuli itabidi uje mwenyewe. Basi nikawa mtumishi wa shule nisiye na mshahara. Saa nne asubuhi nipo, saa saba mchana nipo, katikati nimekaa chini ya mwarobaini maana kwenda nyumbani na kurudi nauli inaisha, cherehani imelala, wateja wameshahamia kwa mwingine. Na sikuwa peke yangu, pale chini ya mti tulikuwa na mama mwingine mwenye binti wa kifafa, yeye alikuwa anasubiri tu ili mtoto akianguka awepo. Ukifikiria vizuri ni kwamba shule iliandikisha watoto wawili na kuwafunga wanawake wawili.

Nilidhani haya ni mambo yetu ya umaskini. Kumbe hata Japani, ukiondoa mti, kina mama walikuwa wanakaa shuleni kutwa nzima kwa ajili ya kumnyonya mtoto makohozi kwa mashine au kumlisha kwa mpira, kwa sababu sheria iliona hizo ni kazi za daktari na nesi tu. Mwaka 2012 sheria ikalegezwa, walezi na walimu ambao sio manesi wakaruhusiwa kufanya baadhi ya hizo huduma wakishapata mafunzo, na mwaka 2021 wakatunga sheria nyingine inayosema wazi kwamba kuwasaidia hawa watoto na familia zao ni jukumu la serikali, la halmashauri na la shule. Lakini kilichonivutia zaidi ni kitu kidogo ndani ya yale mafunzo. Kuna aina ya mafunzo ambayo ni kwa ajili ya mtu mmoja maalum. Unakaa darasani saa chache, tisa hivi, alafu sehemu kubwa unaenda kujifunzia kwa mtoto yuleyule utakayemhudumia mpaka anayekusimamia aridhike. Ukihamishiwa kwa mtoto mwingine, unaanza upya kujifunza kwa huyo mwingine. Yaani hawakufundishi "makohozi" kwa ujumla, wanakufundisha makohozi ya huyu. Uingereza nao mwongozo wa shule za England uliofuata sheria yao ya 2014 unasema bila kuzunguka kwamba cheti cha huduma ya kwanza sio mafunzo ya kutosha ya kumhudumia mtoto mwenye ugonjwa, na kila mtoto anayehitaji anatakiwa awe na mpango wake wa maandishi.

Mtu mmoja, kwa mtoto mmoja. Hicho ndicho ninachokipigania na ndicho ninachofanya siku hizi nikiitwa na kina mama wenzangu kufundisha dada zao wa kazi, shangazi, bibi, wakati mwingine walimu.

Wa kwanza kumfundisha alikuwa dada wangu mwenyewe wa nyumbani, binti wa Singida, darasa la saba. Siku namwambia kazi yenyewe aliniangalia kama nimemtukana. Akasema dada, mimi sijasomea. Nikamwambia hata mimi sijasomea, njoo uangalie tu, usiguse kitu. Akaangalia mara nyingi, sikumlazimisha. Alafu nikampa kazi ya maandalizi peke yake, kunawa mpaka kwenye viwiko, kupanga vitu kwenye sinia, kufuta sinia, kumwambia mtoto kwamba tunaanza. Hapo watu wengi wanaharakisha, wanataka mtu aingize mpira siku ya kwanza ili waseme wamemaliza, wakati kuingiza mpira ndio sehemu fupi kuliko zote. Mtu akishakuwa na mikono iliyotulia kwenye kunawa na kupanga, na mtoto ameshamzoea, ile sehemu nyingine inakuja yenyewe.

Kwa mtoto wa kiume unainua uume kuelekea tumboni ili njia inyooke, umepaka mpira jeli ile ya maji ya hospitali, mafuta ya kujipaka hapana, unasukuma polepole. Utafika mahali pamekaza. Hapo ndio mtihani wote ulipo. Mkono wa mtu mwenye haraka utasukuma. Mkono uliofundishwa unasimama, unasubiri, unamwambia mtoto kohoa kidogo au vuta pumzi, pakilegea unaendelea, pasipolegea unatoa, unampumzisha, na ukiona damu au mara ya pili bado panagoma unapiga simu, hujaribu ya tatu. Mkojo ukianza kutoka unauacha mpaka uishe, unachomoa kidogokidogo, ukitoka tena unasimama, maana uliobaki pale chini ndio unaoleta yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo. Mpira unaoshwa kwa sabuni ndani na nje, unasuuzwa, unaninginizwa ukauke kabisa ndio uingie kwenye kontena lake lenye mfuniko. Ukianza kuwa mgumu au wa ukungu, tupa, na najua wanauza bei gani, bado tupa.

Dada wa Singida alichukua wiki kadhaa mpaka mimi nikawa naondoka nyumbani bila kugeuka nyuma. Lakini aliyetoa kibali sio mimi. Nilimuuliza bwana mdogo, akasema huyu anajua, mkono wake hauna baridi. Tangu hapo hata kwa watoto wengine nafanya hivyo hivyo, mtoto anayeweza kuongea ndio msimamizi wa mtihani, asiyeweza kuongea anaonyesha kwa mwili, akikakamaa kila anapoguswa na mtu fulani basi huyo bado, hata kama ana stashahada. Na niseme ukweli, wenye stashahada ndio wananisumbua. Darasa la saba anauliza, anarudia, anaogopa kukosea. Msomi anaitikia tu "najua, najua" na hajanawa.

Na sio mpira tu, kuna mambo mengine ya huyu mtoto ambayo semina haitayajua kamwe. Mfano, watoto wa mgongo wazi wengi wanapata mzio wa mpira wa asili, ule wa glavu za kawaida na maputo, kwahiyo sherehe ya kuzaliwa darasani yenye maputo kwa wengine ni furaha na kwake inaweza kuwa kuvimba macho na kubanwa kifua. Miguu haisikii moto, kwahiyo usimkalishe kwenye kiti cha bajaji kilichopigwa jua bila kutandika kanga, na jioni unakagua nyayo na makalio kama kuna wekundu, maana kidonda atakuja kukijua kikishanuka. Na ile shanti, akianza kutapika bila sababu, kichwa kinauma, analala muda ambao sio wake, macho yanavutika chini, au anaanza degedege, hiyo sio malaria ya kwenda kununulia dawa duka la dawa, hiyo ni hospitali leo hii na unawaambia mapokezi neno la kwanza kabisa kwamba huyu ana shanti. Nimeiandika hiyo kwa kalamu nyekundu ukutani na kwenye daftari lake la shule. Kuna watoto ambao hawana shanti kwa sababu walitibiwa kwa ile njia iliyokuzwa na Dokta Benjamin Warf kule Mbale, Uganda, ya kutoboa kanjia ndani ya ubongo badala ya kuweka mpira, nao dalili za hatari ni hizohizo kama kanjia kakiziba, kwahiyo usije ukapumzika kwa sababu hana mpira kichwani.

Shule ya pili tulibahatika. Sio kwamba walikuwa na nesi, hawakuwa naye pia, ila mwalimu mkuu aliuliza swali sahihi: akiumia nani atawajibika? Wenzangu wengi hilo swali linawaudhi, wanaona ni kukwepa. Mimi naona ni mtu anayesema naogopa, na hofu yake ni ya haki kabisa, hakuna anayetaka kupelekwa polisi kwa kumsaidia mtoto. Ukimjibu kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto haki ya kusoma atakubali kwa kichwa, hofu itabaki palepale. Kilichomtoa hofu ni karatasi moja. Tuliandika pamoja, lugha ya kawaida, jina la mtoto, shida yake, nini kinafanyika saa ngapi, nani wawili waliofundishwa na nani aliyewafundisha, nini hawatakiwi kufanya hata wakiombwa, dalili za kunipigia simu mimi, dalili za kumpeleka hospitali kabla hata ya kunipigia, namba za simu, saini yangu, saini yake, na muuguzi wa kliniki yetu akaipitia na kugonga muhuri. Ikabandikwa ndani ya kabati la ofisi, sio ukutani, maana ugonjwa wa mtoto sio tangazo.

Chumba kilikuwa shida. Choo cha kuchuchumaa kiti hakiingii na pia siwezi kumlaza mtoto kwenye sakafu ya choo. Tukapata kona ya stoo ya vitabu, tukatundika pazia, mkeka, ndoo ya bomba, sabuni. Pazia badala ya mlango nililitaka mimi. Hapa wazazi tuambiane waziwazi, unapomfundisha mtoto wa miaka saba kwamba mtu mzima asiye mama yake atamvua nguo na kumgusa huko kila siku, unacheza na kitu cha hatari. Kwahiyo tumemfundisha kwa majina: ni mwalimu huyu na mhudumu huyu, wawili tu, saa nne na saa saba tu, hapa tu, kwa mpira tu. Mwingine yeyote, piga kelele. Na hawa wawili akiwaambia sitaki sasa hivi, wanasubiri, wanaongea naye, hawamshiki kwa nguvu. Wakati wa huduma mwalimu mwingine yupo upande wa pili wa pazia, anasikia ila haoni. Kuna semina gani itakufundisha hilo? Nimezihudhuria, hazifundishi, kila mtu anaona aibu kulitaja.

Niliyemchagua shuleni, kwa taarifa yenu, sio mwalimu wa darasa. Ni mama anayefagia. Mwalimu wa darasa ana watoto zaidi ya themanini, akiondoka robo saa darasa linapinduka. Mama anayefagia yupo kila siku, hahamishwi, mikono yake haitetemeki, na mtoto alimpenda kabla yangu. Mwalimu ni wa akiba.

Rafiki yangu mmoja mtoto wake ana kisukari aina ya kwanza na yupo bweni, huko stori ni nyingine lakini ugonjwa wa mafunzo ni uleule. Matroni alihudhuria mafunzo, alifundishwa insulini ikae kwenye ubaridi na isigande, na kwa uaminifu wote akaifungia kwenye friji ya ofisi pamoja na mashine ya kupimia na glukosi, ufunguo akaenda nao kwao ijumaa. Mtoto sukari ikashuka jumamosi usiku. Wenzake wa bweni ndio waliomuokoa na soda. Kumbe walichotakiwa kumfundisha ni kitu kifupi sana: sukari ikiwa chini ya 4 kwenye mashine (kwa kipimo cha mmol/L), vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au soda ya kawaida sasa hivi, subiri dakika 15, pima tena, alafu chakula, akiwa amezimia usimmiminie kitu chochote mdomoni, kimbia hospitali, na sukari ya dharura haifungiwi, inakaa mfukoni kwa mtoto. Chupa ya insulini inayotumika inaweza kukaa nje ya friji wiki nne kama hapana joto kali, hata kwenye chungu cha maji. Ni nusu saa ya maongezi mbele ya huyo mtoto, na ya kurudiwa kila muhula.

Na yule binti wa kifafa wa pale chini ya mwarobaini, shule nzima ilikuwa inajua kitu kimoja tu, kijiko mdomoni. Wengine hata hicho hawafanyi, wanakimbia povu. Dokta Louise Jilek-Aall aliyefungua kliniki ya kifafa kule Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliwakuta watu wanaamini povu linaambukiza, mtoto anaanguka kwenye moto na hakuna wa kumvuta. Zaidi ya miaka sitini baadaye mama bado anakaa chini ya mti kwa ajili ya jambo ambalo dada mkuu wa darasa anaweza kufundishwa: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu, legeza kola, usimshike kwa nguvu, usitie kitu mdomoni, angalia saa, ikipita dakika tano ita watu wampeleke hospitali. Hapo hata mpira hakuna.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya laki moja na thelathini elfu ndani ya miaka mitano, kwa mafunzo ya miezi sita. Nimefurahi kweli, sio kwa unafiki. Lakini ombi langu kwa wanaopanga: msiwajaze hawa vijana slaidi za magonjwa yote na kuwaacha. Kijana akishaingia mtaani kwake akakuta kuna mtoto mmoja wa mgongo wazi na mmoja wa kisukari, apewe siku za kukaa na hizo nyumba mbili, ajifunze kwa hao, na yeye ndio awe wa kuwafundisha matroni na mama anayefagia. Akijua watoto wawili vizuri ni bora kuliko akijua kumi kwa majina ya magonjwa.

Alafu kuna hela, kwa sababu hatuziongelei. Ukimuongezea dada wa kazi kazi ya nesi, muongezee mshahara. Nimeona nyumba ambayo dada anamtoa mtoto mkojo mara tano kwa siku, anamlisha, anamgeuza usiku, na analipwa sawa na dada wa jirani anayeosha vyombo na kuangalia tamthilia, kisha wanashangaa mwezi wa kumi na mbili kaenda kwao na hajarudi. Wa kwangu wa Singida aliolewa, tukamchangia na sare nikamshonea mwenyewe, na kwa kuwa nilikuwa nimeshamfundisha mdogo wangu pia hatukukwama. Siku zote fundisha wawili. Mmoja ataumwa, ataolewa, atagombana na wewe, ni binadamu.

Wa tatu ni mtoto mwenyewe. Ameanza, anashika mpira akisimamiwa na mama anayefagia, siku nyingine anaweza siku nyingine anakasirika anautupa na tunauosha upya. Nilidhani atasubiri mpaka awe mkubwa, muuguzi wa kliniki akaniambia watoto wengi umri huu ndio wanaanza, mwache ajaribu. Januari anaingia darasa la tatu, na darasa la tatu pale kwetu liko ghorofani wakati stoo yetu ya pazia iko chini na hakuna njia ya kiti. Nimeshamuona mwalimu mkuu, kasema atalifikiria. Nimemwambia mwalimu, fikiria taratibu, ila umalize kufikiria kabla ya Desemba.